Gari Halivuti, Wala Presha Haijapotea

“Fundi, tangu nibadilishe ekzosi gari halivuti, nimeambiwa presha ya kurudi imepotea, sasa niirudisheje?” Swali hili, ambalo wenye magari wa Mwananyamala huniuliza kwa maneno yale yale wanayoyatumia wenzao wa Tandika na Mbagala, utadhani wote wamehitimu chuo kimoja, nimelijibu kwa upole mara nyingi kupita kiasi, na leo naomba nilijibu kwa kalamu, bila upole mwingi, ili atakayekuja kuniuliza tena nimpe ukurasa huu ausome akiwa amekaa kwenye benchi, huku nami nikiendelea na kazi. Swali lenyewe ni batili. Halikosi jibu kwa sababu ya ugumu wake. Linakosa jibu kwa sababu kitu kinacholiliwa hakikuwa na faida hata siku kilipokuwapo, na anayekitafuta atamlipa fundi ujira wa kumrudishia hasara ambayo alikwisha kulipa ujira wa kuiondoa.

Kisa hakina siri. Gari limetoka Japani na ekzosi yake kamili, masega ya kusafishia moshi yamo mahali pake. Mwenyewe amesikia kijiweni, au kwa shemeji yake, kwamba masega hubana moshi na kula mafuta, na kwamba wako watu watakaoyanunua kwa fedha taslimu. Na kwa kuwa ndani ya masega hayo mna platinamu, paladiamu na rodiamu, na rodiamu peke yake iliuzwa mwaka 2021 kwa zaidi ya dola 25,000 za Marekani kwa aunsi moja, mnunuzi hakosekani, na fundi aliyejitolea kuyatoa “bure” hakujitolea. Pale palipokuwa na masega huchomelewa bomba tupu, na maadamu mashine ya kuchomelea imekwisha washwa, bomba la inchi moja na nusu hubadilishwa likawa la inchi mbili na nusu, sailensa ya nyuma ikakatwa ikatiwa nyingine ya mlio, na mwenye gari akaondoka akiwa na yakini kwamba amenunua nguvu, kwa kuwa anaisikia. Siku chache baadaye, akilipanda daraja la Mfugale pale Tazara, anatanabahi kwamba daladala iliyojaa hadi mlangoni inamwacha. Mafuta yaliyokuwa yakimfikisha Jumamosi sasa hayafiki Alhamisi. Na taa ya njano ya injini, ambayo hakupata kuiona tangu gari liliposhuka bandarini, imewaka na haizimiki. Anarudi kwa fundi yule yule, naye, kwa kuwa ni lazima aseme neno, humwambia presha imepotea.

Presha gani? Tufanye hesabu, kwani hesabu haina ujirani na mtu. Injini ya Toyota IST ya sentimita za ujazo 1,497 ina silinda nne, na kila silinda hutoa moshi wake mara moja katika mizunguko miwili ya krankshafti. Kwa hiyo injini inapokwenda mizunguko 3,000 kwa dakika, mikupuo 100 ya moshi hutoka kila sekunde, na kila mkupuo husukumwa nje na pistoni. Tuseme ndani ya bomba mna presha ya kilopaskali 20, yaani karibu pauni tatu kwa inchi ya mraba kama zinavyosoma geji zetu nyingi. Kuusukuma moshi dhidi ya presha hiyo hugharimu jouli 30 katika kila mizunguko miwili. Zidisha kwa 25, ambayo ndiyo idadi ya duru hizo katika sekunde moja, upate wati 750, ambazo ni kama nguvu ya farasi mmoja. Farasi huyo hatoki kwenye bomba kwenda kwenye gurudumu. Anatolewa kwenye gurudumu kwenda kulisukuma bomba, na hiyo ni hasara ya wazi tu, kwani iko ya pili iliyofichika: moshi ulioshindwa kutoka hubaki ndani ya silinda ukakalia nafasi ya hewa mpya, na mahali palipokaliwa na moshi hapachomi mafuta. Mtu akiniambia kwamba injini inaihitaji presha hii, namwomba anionyeshe ni wapi katika hesabu farasi yule anaporudi na faida.

Wala si lazima ajue hesabu. Fundi yule yule anayefundisha kwamba gari limekosa nguvu kwa kukosa presha, ukimpelekea kesho gari jingine ambalo masega yake yameyeyuka yakaziba, atakwambia, na hapo atakuwa amesema kweli, kwamba gari limekosa nguvu kwa sababu moshi hautoki. Basi presha ikipungua gari hudhoofika, na ikizidi gari hudhoofika vile vile; wala hajapata kutokea mmoja wao akanitajia kiasi chake cha haki, kwa geji na kwa tarakimu, ambacho gari likipewa litanawiri. Lau dhana hii ingekuwa na ukweli, mwenye kutaka nguvu angesokomeza tambara kwenye kinywa cha bomba asubuhi, akaupanda mlima wa Kitonga mchana pasipo kushusha gia. Na wenye Subaru za tabo wangekuwa wa kwanza kuangamia, maana wao huondoa bomba jembamba linaloifuata tabo wakaweka pana, presha baada ya tabo ikashuka, na gari likazidi nguvu kwa kiasi kinachopimika, hata ikabidi wachunge tabo isisukume hewa kupita mpaka uliowekwa. Injini haziwezi kuwa na sheria mbili za maumbile, moja ya Forester na nyingine ya Vitz.

Sasa, dhana isiyo na hata chembe ya ukweli haiishi muda mrefu, na hii imeishi tangu enzi za babu zetu, kwa hiyo insafu inadai tuseme ilikotoka. Ilitoka, kwanza, kwenye kabureta. Katika Datsun 120Y na Peugeot 504, mafuta yalipimwa na tundu la jeti, na tundu halina akili: ukiupa moshi njia pana, hewa inayoingia hubadilika, jeti ikaendelea kutoa kile kile ilichozoea, mchanganyiko ukawa na mafuta haba, na gari likaanza kukohoa na kupiga fataki kwa nyuma. Fundi mjuzi wa zama hizo alibadilisha jeti. Asiye mjuzi alilibana bomba tena, gari likapona, naye akatoka na fundisho kwamba kilichokosekana ni presha; na wanafunzi wake wamelirithi fundisho hilo pamoja na spana zake, ingawa kabureta zenyewe zimekwisha kuwa adimu kwenye magari.

Chanzo cha pili ni pikipiki za mipigo miwili, ambazo bomba lake lenye tumbo lilibuniwa kwa makusudi ili wimbi la moshi lirudi nyuma kwa wakati wake na kuyasukuma ndani mafuta mabichi yaliyokuwa yakitoroka. Ustadi huo ulikamilishwa na Walter Kaaden wa kiwanda cha MZ, huko Ujerumani ya Mashariki, katika miaka ya 1950. Kinachofanya kazi pale ni wimbi, nalo hupimwa kwa urefu wa bomba na kwa mwendo wa injini. Presha ya kudumu haina fungu humo, na bodaboda nyingi za leo, Boxer na TVS zikiwamo, ni za mipigo minne na hazihusiki na habari hiyo hata kidogo.

Cha tatu ndicho chenye uzito, na ndicho kinachowapoteza hata mafundi wenye akili. Kila mkupuo wa moshi unaokwenda kwa kasi bombani huacha nyuma yake upungufu wa presha, na upungufu huo, ukifika kwenye valvu ya kutolea moshi wakati ile ya kuingizia hewa imeanza kufunguka, huvuta mabaki ya moshi kutoka silinda na kuikaribisha hewa mpya. Bomba jembamba huitunza kasi. Bomba pana huiua. Ukitoka inchi moja na nusu ukaenda inchi mbili na nusu, eneo la ndani huwa karibu mara tatu, na kasi ya moshi hushuka ikabaki kama theluthi. Kwa hiyo katika mizunguko ya chini, ile ya kuondokea kwenye mataa na kutambaa kwenye foleni, mvuto ule hudhoofika na gari huwa zito, ilhali katika mizunguko ya juu, ambayo mkazi wa Kijitonyama huifikia nadra, huenda likapata nafuu kidogo. Kilichopotea hapo ni kasi. Presha ilikuwa kodi tu iliyokuwa ikilipwa kwa ajili ya kasi hiyo, na mtu aliyepoteza bidhaa haipati tena kwa kwenda forodhani kulipa kodi mara ya pili. Tena hasara hii, ingawa ni ya kweli, ni ndogo kuliko inavyosimuliwa, na hutokea zaidi karibu na manifoldi, ambako moshi bado ni wa moto na mikupuo haijachanganyika. Aliyebadilisha sailensa ya nyuma peke yake hajapoteza kitu cha kuhisiwa na mguu wake.

Lakini kodi ndiyo wanayoiuza. Nimeona washa ya chuma, yenye tundu la kupita kidole gumba, imechomelewa ndani ya bomba la inchi mbili na nusu “kurudisha presha”, likawa bomba lenye maovu yote mawili, upana unaoua kasi na kizibo kinachozuia moshi. Nimeona stilwuli ya kusugulia masufuria imesokomezwa mahali pa masega. Hiyo huungua na kukatika vipande, ikasafiri hadi kwenye sailensa, na huko ikafanya shughuli ambayo nitaieleza punde. Wako pia wanaouza kipande cha bomba kifupi cha kuinyanyua sensa ya oksijeni isiuguse moshi barabara, kwa minajili ya kuizima taa ya injini. Kikiwekwa kwenye sensa ya nyuma, ile inayoyakagua masega, huzima taa na kuuficha ukweli, na aghalabu hakiongezi wala hakipunguzi nguvu. Kikiwekwa kwenye sensa ya mbele, kwa sababu aliyekiweka hakujua ipi ni ipi, huipofusha kompyuta ya gari, na hapo mwenye gari atakuwa amenunua ugonjwa dukani.

Niseme basi maradhi yenyewe, na nianze na lile ninalolikuta mara nyingi kuliko yote, ambalo ni uvujaji kabla ya sensa ya mbele. Bomba likikatwa na kuchomelewa upya, gasketi ya manifoldi ikirudishwa ile ile iliyokwisha bonyea, boliti mbili zikikazwa na ya tatu ikaachwa kwa kuwa imekatika kichwa, huwa pana mwanya usioonekana kwa macho. Na wahenga waliosema kuvuja kwa pakacha ni nafuu ya mchukuzi hawakuwa na gari lenye sensa ya oksijeni. Mtu hudhani mwanya hutoa moshi tu. Hutoa, kweli, mkupuo unapopita. Lakini baina ya mkupuo na mkupuo, presha ndani ya bomba hushuka chini ya ile ya nje, na mwanya ule ule huvuta hewa safi kuingia ndani. Hewa hiyo ina oksijeni. Sensa, ambayo kazi yake tangu Bosch na Volvo walipoiingiza sokoni mwaka 1976 ni kupima oksijeni na si kubashiri ilikotoka, humwarifu bwana wake kwamba injini inachoma mafuta haba. Kompyuta, inayokusudia kushika mizani ya kilo 14.7 za hewa kwa kilo moja ya petroli, huongeza mafuta. Sensa bado huiona hewa ya wizi, ikasema bado. Kompyuta huongeza tena. Mwisho wake plagi hufunikwa na masizi meusi, petroli humalizika kabla ya siku yake, moshi hunuka, na gari, likiwa limelewa mafuta, haliwezi kupanda hata kilima cha Pugu kwa heshima.

Na hapa ndipo mashine ya kupimia inapomponza asiyejua kuisoma. Ataichomeka, itamwonyesha kodi, yaani namba ya hitilafu, P0171, ambayo maana yake ni kwamba mfumo una mafuta haba, naye kwa utii mkubwa ataanza kutafuta mafuta: atabadilisha filta, kisha pampu, kisha nozeli, kila kimoja kwa bei ya Gerezani na ujira wake mbali, ilhali injini inazama ndani ya mafuta. Kodi si hukumu. Kodi ni ushahidi wa shahidi mmoja, na shahidi huyo amedanganywa. Angefungua ukurasa wa namba zinazotembea, ule ambao wengi huuruka, angeona nyongeza ya mafuta imekaa asilimia 20 au 25, kisha angechomoa plagi moja aitazame, akiona masizi angejua papo hapo kwamba anayesema mafuta haba ni mwongo, na uongo huo umeingilia kwenye mwanya. Kazi hiyo haizidi robo saa. Naistaajabia gereji yenye kijana hodari wa kushusha giaboksi peke yake, lakini haina mtu mwenye subira ya kuchomoa plagi.

Lipo la pili, nalo lina kichekesho chake. Masega hayatolewi kila mara. Pengine hupigwa kwa nondo mpaka yakavunjika, vipande vikakung'utwa, na ganda likarudishwa ili gari lionekane halijaguswa. Vipande haviishi kukung'utwa. Vinavyobaki huchukuliwa na moshi hadi kwenye sailensa, vikajikusanya kwenye kizuizi cha kwanza, pamoja na ile stilwuli niliyoitaja, na mlango wa moshi ukaziba kidogo kidogo. Gari likaanza vizuri asubuhi, likachoka kadiri linavyopata moto na kadiri unavyolitaka likimbie. Kwa hiyo mtu huyu anayeambiwa amepoteza presha, ana presha nyingi kupita gari lolote mtaani kwake, na tiba anayoletewa ni kuongezewa.

La tatu ni sensa yenyewe: waya wake umeguswa na bomba jipya ukaungua, au tundu lake limehamishwa nyuma mahali penye baridi ambapo haipati joto la kutosha, au ilidondoshwa sakafuni siku ya kuchomelea na hakuna aliyesema. La nne ni kwamba ekzosi haina hatia kabisa, nalo si haba. Injini ikitoa mlio mkubwa, sikio huahidi mwendo ambao tairi haliutoi, na mwenye gari akalinganisha anachokisikia na anachokipata, akaona amepunjwa. Wako waliokuja kunilalamikia baada ya safari ya Iringa kwamba gari lilikufa mlimani, ilhali Iringa iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, hewa ya huko ni nyepesi, na injini isiyo na tabo hupungukiwa na kama sehemu moja ya saba ya nguvu iliyokuwa nayo Kurasini; tofauti ni kwamba safari zilizotangulia hawakuwa na bomba jipya la kulisingizia. Koili inayokata, plagi zilizokwisha, filta ya hewa iliyojaa vumbi, breki inayobana, oili ya gia iliyoungua, petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa, wizi ambao EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ilianza kuunasa kwa kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010: yote hayo hudhoofisha gari, na hayangoji ruhusa ya ekzosi.

Cha kufanya, basi, na nitakwenda mbio kwa kuwa hakina uchawi. Washa gari likiwa la baridi kabisa, mtu mmoja azibe kinywa cha bomba kwa tambara nene kwa muda mfupi, mwingine asikilize na kupitisha maji ya sabuni kwenye viungo vya mbele vingali baridi. Panapotoa povu au mlio wa tf-tf ndipo penye kazi. Chomoa plagi zote, zipange kwa safu, zisome rangi. Chomeka mashine, usome nyongeza ya mafuta gari likiwa limesimama na kisha kwa mizunguko 2,500. Ikiwa kubwa likiwa limesimama na ikapungua mizunguko inapopanda, shuku mwanya. Ikizidi kadiri unavyokanyaga, hapo ndipo uishuku pampu na filta ya petroli. Chomoa sensa ya mbele, funga geji ya presha kwenye tundu lake: gari likisimama isizidi pauni moja na nusu, kwa mizunguko 2,500 isizidi tatu, na ikizidi hapo kata sailensa uitazame tumbo lake. Asiye na geji hiyo atumie ile ya vakyumu kwenye manifoldi ya hewa. Sindano ikianza vizuri kisha ikashuka taratibu huku mguu ukiwa umetulia, moshi hautoki. Vyote vikiwa salama, iache ekzosi, nenda kwenye koili, breki na giaboksi.

Ukishapata ugonjwa, njia ni chache. Mwanya hutibiwa kwa gasketi mpya na boliti kamili, si kwa gundi ya kopo. Sensa iliyokufa hubadilishwa kwa ile ya namba yake, si kwa yoyote inayoingia. Bomba lirudishwe kwenye upana wake wa kiwandani, walau kutoka manifoldi hadi katikati ya gari. Anayetaka mlio aupate kwa sailensa ya nyuma ya kupita moja kwa moja, yenye upana ule ule, na jirani zake watamjibu wenyewe. Anayeng'ang'ania bomba pana kwa IST isiyo na tabo, alichukue pamoja na uzito wake wa chini, asije kunidai. Mwenye tabo aliyelipanua bomba akapimishe mchanganyiko na presha ya tabo kabla ya kukanyaga.

Na masega yarudishwe. Nasikia bado kwamba yaliwekwa kwa ajili ya sheria za Ulaya na Japani na kwamba huku kwetu hayana kazi. Maneno haya yalikuwa na mashiko wakati petroli yetu ilipokuwa na risasi, kwa kuwa risasi huyaua masega, lakini mataifa ya Afrika kusini mwa Sahara yaliafikiana Dakar mwezi Juni 2001 kuiondoa, na kufikia mwanzo wa mwaka 2006 ilikuwa imeondoka, kwa hiyo mwenye kusema hivyo leo amechelewa kwa miaka mingi. Masega mazima hayali nguvu ya kuhisiwa katika gari la kawaida. Yanachokula ni kaboni monoksidi, ile hewa yenye sumu isiyo na rangi wala harufu, ambayo ukiikata ekzosi na kuacha mwanya chini ya sakafu hupanda na kuingia kwenye gari lililofungwa vioo kwa ajili ya kiyoyozi, likiwa limesimama saa nzima kwenye foleni ya Buguruni na watoto wamelala kiti cha nyuma. Kichwa kinachouma kila ukifika nyumbani huenda kisiwe cha jua.

Kwa hiyo usije tena kuniuliza habari ya presha. Lilete gari asubuhi, likiwa limelala usiku kucha, kwa kuwa nyufa nyingi za manifoldi hujifunga chuma kikishapata moto na hazionekani mchana. Usilioshe injini kabla ya kuja. Na kama fundi wako bado hajalipeleka kwenye chuma chakavu, njoo na lile bomba lako la zamani.